Kura 98,763 na jimbo moja: chama kipya tunakipima kwa kipimo gani?

#1. Wakala wa Kituo (mleta uzi), Novemba 2015

Wakuu, habari za majukumu.

Nimesubiri mpaka nitulie ndipo niandike, maana wiki ile ya matokeo nisingeandika cha maana. Mimi nilikuwa wakala wa ACT-Wazalendo kwenye kituo kimoja cha shule ya msingi, kata ya vijijini mkoani Tabora. Humu ndani nimesoma nyuzi nyingi zinazosema chama hiki kimezaliwa na kufa mwaka huohuo. Ushahidi unaoletwa ni mmoja tu: mgombea wetu mama Anna Mghwira amepata kura 98,763, asilimia 0.65 ya kura za urais, wakati Dkt. Magufuli wa CCM amepata 8,882,935 na Mheshimiwa Lowassa wa CHADEMA 6,072,848. Hesabu hiyo siipingi. Ninachopinga ni kipimo.

Nianze na nilichokiona kwa macho. Tulifungua saa 1 asubuhi, tukafunga saa 10 jioni, na kuhesabu tukaanza giza likiwa limeshaingia, kwa taa ya betri iliyowekwa juu ya dawati. Kura za rais zilihesabiwa kwanza. Chama changu: kura nne. Moja ilikuwa yangu. Niliandika namba ile kwenye daftari langu na mkono ulikuwa mzito. Ubunge hatukuwa na mgombea jimboni kwetu. Ikaja zamu ya udiwani, na hapo ndipo nilipoinua kichwa. Karatasi zilikuwa zinafunguliwa, jina la mgombea wetu linatajwa, linatajwa tena. Alipata 61.

Mgombea wetu huyo ni fundi baiskeli. Watu wanamjua kwa sababu pampu ya kisima cha kitongoji ikiharibika ni yeye anayeshuka kuitengeneza, na hajawahi kumdai mtu hela ya kazi ile. Sasa fikirini: ni wapiga kura walewale, chumba kilekile, dakika zilezile. Mtu amemchagua Magufuli au Lowassa kwa urais, halafu kwa udiwani akaweka tiki kwa chama ambacho mwaka juzi hakikuwapo. Mpiga kura anajua anachokifanya kwa kila karatasi anayopewa. Sisi ndio tunaochanganya karatasi tatu tukasema ni moja.

Udiwani tuliukosa. Kata ilikuwa na vituo kumi na kimoja, sisi tulikuwa na mawakala watatu. Vituo vinane nilijua matokeo yake kwa kwenda asubuhi kusoma karatasi zilizobandikwa ukutani. Nchi nzima watu walikuwa wanabishana kama mpiga kura aruhusiwe kukaa mita 200 kutoka kituoni kulinda kura, na sisi hatukuwa na mtu wa kukaa ndani na kusaini fomu ya 21C, ile ya matokeo ya udiwani.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: chama kipya kipimwe kwa madiwani, kwa majimbo, na kwa idadi ya vituo ambavyo kilikuwa na mtu wake mpaka fomu ya mwisho ikasainiwa. Kura za urais ziwe za mwisho kutazamwa.

Historia yetu wenyewe inasema hivyo. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu sheria ya 1992, mzee Mrema kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi alipata karibu asilimia 28 ya kura za urais. Chama kilipata majimbo 16. Mwaka huohuo CHADEMA walipata majimbo matatu na hawakusimamisha mgombea urais. Mwaka 2000 pia hawakusimamisha, wakapata majimbo manne. Mwaka 2005 ndipo Mheshimiwa Mbowe akagombea, akapata kama asilimia 6, majimbo matano. Tatu, nne, tano. Nani angekaa mwaka 2005 akasema hawa ndio watakaokuja kuwa chama kikuu cha upinzani? Mwaka 2010 wakafika majimbo 23.

Na wale wa asilimia 28? Mrema alipohamia TLP mwaka 1999, NCCR iliingia uchaguzi wa 2000 ikatoka na jimbo moja. Kura zilikuwa za mtu, na mtu alipoondoka aliondoka nazo. TLP nayo yamewapata hayohayo. Mwaka huu hawana jimbo hata moja, na mgombea wao wa urais amepata kura 8,198.

Halafu kuna sheria, ambayo wengi hatuisomi. Viti maalum vya wanawake bungeni vinagawanywa kwa kura za ubunge, na chama lazima kifikishe asilimia 5 ya kura hizo nchi nzima. Ruzuku nayo inafuata wabunge na kura za ubunge. Kwa upande wa Muungano kura za urais hazikuletei kiti, hazikuletei shilingi. Unapanda helikopta, unachapisha mabango, unazunguka mikoa yote, na mwisho wake unabaki na namba ya kutajwa kwenye televisheni.

Fanyeni hesabu hii. Nchi ina vituo zaidi ya 60,000. Tuseme wakala mmoja umpe 10,000 ya posho na nauli. Hiyo ni zaidi ya milioni 600 kwa siku moja, kabla hujanunua hata bendera. Chama kidogo hakina fedha hizo. Kinayo ya kata mia mbili labda. Basi si bora zikaenda kwenye kata mia mbili?

Naomba mnipinge kwa hoja. Nawasilisha.

---

#2. Mpenda Mabadiliko

Mkuu, nakupa pole kwa kura nne, na nasema kwa dhati. Lakini umeruka jambo kubwa. Vyama vinne, CHADEMA, CUF, NCCR na NLD, vilikubaliana kuachiana majimbo chini ya UKAWA. Chama chenu kikabaki nje. Nenda mkoa wa Kigoma kaangalie. Mwaka 2010 NCCR walikuwa na majimbo manne nchi nzima na yote manne yalikuwa Kigoma: Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini, Muhambwe na Kigoma Kusini. Leo hawana hata moja kule. Wananchi waliotaka mabadiliko walikuwa wengi, kura zao zikagawanyika kati ya UKAWA na ACT, CCM wakapita katikati.

Wewe unauliza chama kipya kipimwe kwa nini. Mimi nakujibu: kipimwe pia kwa kile kilichomsababishia mwenzake.

---

#3. Wakala wa Kituo

Hoja yako ni nzito na inaniuma, kwa sababu nina ndugu zangu Kasulu walionipigia simu usiku ule wakiwa na maneno hayohayo.

Majibu yangu ni mawili. La kwanza, kuingia kwenye ushirikiano kunataka pande zote mbili zikae. Chama hiki kilipata usajili wa kudumu Mei 2014, na kiongozi wetu Zitto Kabwe amejiunga Machi mwaka huu akitoka kwenye mgogoro na CHADEMA ambao kila mtu anaujua. Majeraha yalikuwa mabichi. Sisemi nani alikosea, nasema meza ile haikuwapo. La pili, mpiga kura si mali ya kambi. Yule aliyempa fundi wangu kura sikumwibia mtu.

Lakini kwa majimbo ya Kigoma nakubaliana nawe: huko palihitajika watu wakubwa wawili wakae chumba kimoja, na hawakukaa. Gharama yake wataibeba wananchi miaka mitano.

---

#4. Hesabu Kwanza

Niongeze jambo kuhusu mlango wa kuingilia, maana watu wanaongea kana kwamba kuanzisha chama ni kuchapisha kadi.

Unaanza na usajili wa muda, ambao unaisha baada ya siku 180. Ndani ya siku hizo unatakiwa upate wanachama wasiopungua 200 kutoka kila mkoa, katika mikoa isiyopungua kumi, na miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. Wanachama hao wawe na sifa za kupiga kura, na Msajili wa Vyama anakwenda kuhakiki. Marehemu Mchungaji Mtikila, Mungu amrehemu, alikaa miaka mingi chama chake, DP, kikiwa hakina usajili kwa sababu hakuukubali Muungano wa namna hii na hakutaka kutafuta wanachama Zanzibar. Alisajiliwa mwaka 2002.

Na ni Mtikila huyohuyo aliyepigania mgombea binafsi mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, akashinda mwaka 2013. Hukumu ipo, utekelezaji haujaonekana. Leo bado huwezi kugombea hata udiwani bila chama.

Hili ndilo linaloumba vyama vyetu vidogo. Fundi baiskeli wa mleta uzi angekuwa Uganda angesimama mwenyewe, kwa jina lake. Hapa lazima atafute chama, na chama lazima kimtafute mtu. Wanakutana wiki mbili kabla ya kurudisha fomu, hata katiba ya chama hajaisoma. Ukichukulia hivyo, kura 61 zake ni za chama au ni zake? Mleta uzi umesema kura za Mrema zilikuwa za mtu. Na hizi je?

---

#5. Wakala wa Kituo

Hesabu Kwanza, swali lako limenikosesha usingizi kidogo, sikudanganyi.

Ni zake. Kwa sasa ni zake. Ila kuna tofauti ninayoiona na nitajaribu kuieleza. Mtu mkubwa wa kitaifa akija na kura zake, anakuja nazo zikiwa zimeshaiva na anaweza kuzibeba akaenda kwingine kesho asubuhi. Mtu wa kata hana kwa kwenda. Anaishi pale. Waliompa kura ndio wanaomletea baiskeli. Chama kikimpa kikao kila mwezi, kikampa kadi za kugawa, kikampa fomu za kujifunza kujaza, baada ya miaka mitano watu wale 61 watakuwa na tawi. Kisipompa, utakuwa umesema kweli na mimi nitakuwa nimekosea.

---

#6. Binti wa Singida

Nimesoma kimya tangu post ya kwanza, sasa niseme.

Kaka, unasema kura za urais ziwe za mwisho kutazamwa. Wewe ulikuwa chumbani unahesabu. Mimi nilikuwa uwanjani siku mama Mghwira alipokuja kwetu. Mkutano haukuwa mkubwa, sitadanganya. Watu mia tatu, mia nne. Lakini palikuwa na wasichana wa sekondari wamesimama pembeni kwenye mti, na walikuja kumsikiliza mwanamke anayeomba kuwa rais wa nchi hii. Wagombea walikuwa wanane na mwanamke alikuwa mmoja. Kabla yake, tangu vyama vingi virudi, alikuwepo Anna Senkoro wa PPT-Maendeleo mwaka 2005, basi. Nchi yenye wanawake zaidi ya nusu.

Hakuzungumza kwa kupiga kelele. Alizungumza hifadhi ya jamii: mkulima na mama lishe nao wawe na mfuko wa uzeeni na bima, siyo mwajiriwa peke yake. Alieleza Azimio la Tabora na kwa nini miiko ya uongozi irudi, kiongozi aweke mali zake hadharani wananchi wazione, na viongozi wa chama walikuwa wameshaanza kuziweka za kwao. Mwenzangu mmoja aliyekaa karibu nami ni muuza mboga, akaniuliza, hivi mimi naweza kuwekewa pensheni? Hilo swali hakuwa amewahi kuliuliza. Hakuwa amejua kwamba linaulizika.

Dhamana ya kugombea urais ni milioni moja. Ukitoa hiyo, na wadhamini 200 kwa kila mkoa katika mikoa kumi, unapata nafasi ya kusema mbele ya nchi nzima, redio zote zinakutaja. Ni wapi kwingine chama kichanga kitapata nafasi hiyo? Diwani wako angezungumzia pensheni ya muuza mboga kata moja. Mama Mghwira alisikika nchi nzima.

Alipata kura 98,763, na kila moja ilipigwa na mtu aliyejua kabisa kwamba hatashinda. Mimi ni mmojawapo. Kura ya namna hiyo msiidharau.

---

#7. Wakala wa Kituo

Dada yangu, nimekusoma mara mbili.

Kura yangu ya urais ilikuwa kama yako. Niliipiga nikijua. Nilivyoandika post ya kwanza nilikuwa na hasira za vituo vinane visivyo na wakala, na hasira zilinifanya niandike kana kwamba urais ni fedha zilizotupwa. Hilo la swali la muuza mboga sikuwa nimelifikiria. Nalipokea.

Ila naomba uniachie nusu ya hoja. Yule muuza mboga akitaka kujibiwa swali lake baada ya uchaguzi, anakwenda wapi? Singida kuna ofisi ya chama? Kama ipo, nimefurahi. Kama haipo, swali litalala mpaka 2020.

---

#8. Binti wa Singida

Ipo chumba kimoja, ya kupanga. Kodi tumelipa mpaka Desemba.

---

#9. Mwana Ujiji

Wakuu, nyie mnaongea habari za kura nne na kodi ya chumba. Kwetu Kigoma Mjini mambo ni mengine. Zitto ameshinda ubunge, na hapo si jimbo lake la zamani, alikuwa Kigoma Kaskazini miaka kumi. Lakini jambo ambalo magazeti hayaandiki ni madiwani. Manispaa ya Kigoma Ujiji madiwani wa ACT ndio wengi, meya atatoka kwetu.

Ndugu zangu, hapo ndipo kazi ilipo. Mbunge mmoja kati ya mamia anaongea dakika zake anakaa. Madiwani walio wengi wanapitisha bajeti ya soko, ya taka, ya barabara ya mtaani kwangu. Kama chama hiki kinasema uwazi, basi watu waone zabuni za manispaa zimebandikwa ukutani. Kama kinasema hifadhi ya jamii, basi tuone wakulima wa michikichi wanaingizwa kwenye mfuko. Tukishindwa hapa hatuna cha kumwambia mtu wa Tabora.

Mimi nitakipima chama kwa ile manispaa. Mniulize baada ya miaka mitano.

---

#10. Pwani ya Magharibi, Machi 2019

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimeufufua uzi huu kwa makusudi. Mimi ni wa Pemba, na tangu juzi sina usingizi.

Tarehe 18 mwezi huu Mahakama Kuu imeamua mgogoro wetu wa CUF, Profesa Lipumba ndiye mwenyekiti. Siku hiyohiyo kiongozi wetu Maalim Seif akatangaza tunahamia ACT-Wazalendo. Shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee, ndiyo kauli iliyoenea. Na kweli, usiku ule matawi yalipakwa rangi. Barza niliyokaa tangu kijana, ukuta wake ukiwa na rangi za CUF, asubuhi nimeukuta zambarau. Wazee wamekaa palepale, kahawa ileile.

Nimerudi kusoma uzi huu kwa sababu mleta uzi mwaka 2015 alisema kura za mtu huondoka na mtu. Sasa sisi tumewaletea mtu na kura zake, na matawi yake, na miaka yake zaidi ya ishirini na tano. Mtatupokea vipi? Na nyie mliokuwemo tangu mwanzo mna hali gani?

---

#11. Wakala wa Kituo

Waaleikum salaam ndugu yangu, karibu sana, na nasema karibu kutoka moyoni.

Hali yetu nikueleze ilivyo. Mwaka 2017 ulitupiga. Aprili mwenzetu Profesa Kitila Mkumbo akateuliwa katibu mkuu wa wizara, na Juni mwenyekiti wetu mama Mghwira akateuliwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro. Siku ile nilikaa nje ya nyumba mpaka jua likazama. Sikumchukia, alikuwa na haki yake. Nilijiuliza tu, wale 98,763 sasa wamwambie nani. Dada wa Singida kama bado unapita humu, nilikuwaza wewe.

Mikutano ya hadhara imezuiwa tangu 2016. Sheria ya vyama iliyorekebishwa Januari mwaka huu imemwongezea Msajili mamlaka juu yetu. Kata yangu bado tuko. Fundi yupo. Wanachama wenye kadi 38.

Nisichokuficha ni hofu yangu. Chama chenye matawi machache bara kimepata kwa usiku mmoja mamia ya matawi visiwani. Mtu mzima akivaa shati la mtoto litachanika, au mtoto akivaa la mtu mzima atajikwaa. Sijui sisi ni yupi. Lakini wewe umesema jambo ambalo limenituliza: wazee wamekaa palepale. Hao hawakuhama na mtu, walikuwa na barza kabla.

---

#12. Binti wa Singida

Napita bado. Nililia, kaka, na siku ya pili nikaenda kulipa kodi ya chumba.

---

#13. Hesabu Kwanza

Pwani ya Magharibi, niweke jambo moja la kisheria, kwa sababu linabomoa sehemu ya hoja ya mleta uzi na yeye hakuligusa. Kwa Zanzibar kura za urais zina kazi. Tangu marekebisho ya Katiba ya Zanzibar ya 2010, yaliyokuja na kura ya maoni na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili, ikiwa kimefikisha asilimia 10 ya kura za urais. Kwenu ninyi mgombea urais ni mlango wa kuingia serikalini hata ukishindwa. Bara ukipata asilimia 40 unarudi nyumbani.

Chama kimoja, katiba mbili, na vipimo viwili.

---

#14. Wakala wa Kituo, mwanzoni mwa Machi 2021

Wakuu, nimerudi. Kwanza nimpe pole ndugu yangu wa Pemba na wote wa visiwani kwa kuondokewa na Maalim Seif tarehe 17 Februari. Innalillahi. Alikuwa ameapishwa Makamu wa Kwanza Desemba tu.

Nimeona nilete hesabu ya uchaguzi uliopita, kwa sababu nilianzisha uzi huu na hesabu. Uchaguzi wenyewe ulikuwa na malalamiko mengi na wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, kwa hiyo namba hizi mzichukue mkijua zimetoka wapi. Bernard Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje, aligombea kwa tiketi yetu, akapata kura 81,129. Ni chini ya alizopata mama Mghwira miaka mitano nyuma. Mwisho wa kampeni viongozi wetu wenyewe walikuwa wanamwombea kura Tundu Lissu wa CHADEMA, na wanachama wakabaki hawajui washike lipi. Lakini chama hichohicho kimepata majimbo manne, yote Pemba, na Maalim akapata asilimia 19.87 Zanzibar, ndizo zilizotuingiza kwenye Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kigoma Mjini tumeikosa.

Mwana Ujiji, uliahidi tukuulize baada ya miaka mitano.

---

#15. Mwana Ujiji

Nipo mkuu. Nitajibu bila kupamba. Manispaa yetu iliingia mwaka 2016 kwenye mpango wa kimataifa wa serikali zinazoendeshwa kwa uwazi, miongoni mwa miji na majimbo kumi na tano tu ya mwanzo duniani. Hilo nalisema kifua mbele. Wakulima kuingizwa kwenye mfuko wa jamii nako kulianza, nimeshuhudia watu wakijiandikisha. Lakini halmashauri haina mikono mirefu, fedha kubwa na watendaji vinatoka juu, na sisi wenyewe tuligombana kuliko tulivyopaswa. Barabara ya mtaani kwangu imetengenezwa nusu. Nusu ile napita kila siku, na nusu nyingine pia.

---

#16. Pwani ya Magharibi

Ahsante kwa pole, ndugu yangu. Barza ilifungwa siku tatu, watu wanasoma hitma.

Othman Masoud ameshaapishwa kushika nafasi ile. Wengine hapa walikuwa wanasema Maalim akifa chama kimekufa, tutarudi kila mtu kwake. Jana nimekwenda barzani baada ya alasiri. Rangi ni ileile. Kulikuwa na ubishi mkali kama tulifanya sawa kuingia serikalini baada ya watu wetu kuumizwa kwenye uchaguzi, wengine hawataki kabisa kusikia, na mimi mwenyewe moyo wangu uko nusu kwa nusu. Lakini walikuwa wanabishana ndani ya barza. Hakuna aliyesema anatoka.

---

#17. Hesabu Kwanza

Mleta uzi, hujasema habari za fundi. Mwaka 2015 uliniambia kama chama hakikumlea, mimi nitakuwa nimesema kweli.

---

#18. Wakala wa Kituo

Alichukua fomu mwaka jana. Tulimjazia usiku kucha, watu sita, tukisoma kila mstari kwa sauti, kwa sababu tulishasikia ya uchaguzi wa serikali za mitaa 2019. Aliirudisha mapema. Jina lake halikupita. Waliandika kwamba kuna kosa la kujaza, tukakata rufaa, rufaa haikurudi na jina lake. Siku ya kupiga kura karatasi ya udiwani katani kwetu haikuwa nalo.

Alitengeneza pampu ya kisima wiki ileile, ilikuwa imeharibika.

Kwa hiyo Hesabu Kwanza sina kura za kukuonyesha. Ninachoweza kukwambia ni kwamba siku ile ya rufaa walikuja watu kusimama nje, nikawahesabu kwa mazoea ya uwakala: 73. Wengine hawana kadi yetu. Mmoja alikuwa wakala wa chama kingine niliyekaa naye chumba kimoja mwaka 2015, aliyenigawia chai yake kwa kuwa mimi sikuletewa.

Kikao cha tawi ni Jumamosi saa 9 alasiri, nyumbani kwa fundi. Ajenda ni moja: kuanza kufundisha mawakala kumi na mmoja wa 2025, kila kituo na wake, na wawili wa akiba. Fomu za 21C za mfano nimeshatoa nakala kwa fedha yangu. Dada wa Singida, kama unazitaka nikutumie na wewe, nitazipakia kwenye basi la asubuhi.

---

#19. Binti wa Singida

Nitumie arobaini. Nitazipokea stendi.